Ganzi Iliyopita Haijapona: Dhana Potofu Kuhusu Mishipa ya Shingo na Kiharusi

Weka vidole viwili kando ya koo, chini kidogo ya taya, bila kukandamiza. Kinachodunda hapo ni mshipa wa karotidi, na upande wa pili uko mwenzake. Kila mmoja hupanda hadi karibu na usawa wa kikoromeo, kisha hugawanyika: tawi moja huenda usoni na kwenye ngozi ya kichwa, jingine huenda kwenye jicho na ubongo. Hapo kwenye njia panda damu huzungukazunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na ndipo mafuta na chokaa hujijenga taratibu ndani ya ukuta wa mshipa. Yanasemwa mengi kuhusu ugonjwa huu. Naanza na lile linaloniuma zaidi, kwa sababu linawapoozesha watu ambao wangeweza kuokolewa.

"Mkono ulikufa ganzi dakika kumi tu, ukarudi. Ulikuwa uchovu."

Mtu ameshika kikombe kwa mkono wa kulia. Kikombe kinamponyoka. Anataka kuomba radhi, mdomo unavutwa upande na maneno yanatoka yamevurugika. Baada ya dakika kumi yuko sawa, anafuta sakafu na kurudi kazini. Hicho kilikuwa kiharusi cha muda. Mara nyingi kibonge kidogo cha damu kimebanduka kwenye utando wa mafuta shingoni, kikaenda kuziba mshipa mwembamba wa ubongo, kisha kikayeyuka. Kibonge kimeondoka, lakini utando uliokitoa ungali palepale na unaweza kutoa kingine leo usiku. Hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi siku 2 za mwanzo. Kwa hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama mgonjwa anatembea na kucheka.

Jicho nalo hutoa onyo lake: giza linashuka kama pazia kwenye jicho moja, bila maumivu, kisha linapanda. Wengi hukimbilia kubadilisha miwani. Jicho linalopata giza ni la upande uleule wa mshipa wenye tatizo, ilhali mkono na mguu hulegea upande wa pili.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1991 huko Amerika ya Kaskazini uliwafuatilia watu waliokwisha kupata onyo la aina hii au kiharusi kidogo, na mshipa wao umezibwa kwa asilimia 70 au zaidi. Ndani ya miaka 2, wagonjwa 26 kati ya 100 waliotibiwa kwa dawa pekee walipata kiharusi cha upande huo. Miongoni mwa waliopasuliwa na kusafishwa mshipa walikuwa 9. Faida ya upasuaji huo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Ndiyo maana madaktari hulenga kuufanya ndani ya wiki 2 tangu dalili zionekane.

"Mshipa ukiziba ningesikia maumivu shingoni."

Kwa kawaida husikii chochote kwa miaka mingi. Maumivu makali ya ghafla shingoni, hasa yakifuatana na kope kulegea upande mmoja, yanaweza kuwa jambo jingine: ukuta wa mshipa umechanika kwa ndani. Hilo huwapata hata vijana, na ni dharura.

"Kiharusi huja njia ikifungwa kabisa."

Wapo wanaoishi na karotidi moja iliyoziba kabisa bila kujua, kwa kuwa mishipa ya ubongo imeunganishwa chini yake kama duara na upande mmoja unaweza kuusaidia mwingine. Mshipa wa namna hiyo kwa kawaida haupasuliwi. Hatari zaidi ni utando laini unaopasuka na kurusha vibonge. Daktari C. Miller Fisher alionyesha wazi uhusiano huu wa shingo na kiharusi mwaka 1951.

"Daktari alisikiliza shingo, hakusikia kitu. Niko salama."

Mvumo wa damu unaweza kukosekana hata mshipa ukiwa umebanwa sana. Kipimo cha kuaminika ni altrasaundi ya shingo. Lakini sikubaliani na wanaohimiza kila mtu mzima akapimwe: kwa asiye na dalili yoyote, majibu ya kutia shaka yanaweza kumfikisha kwenye upasuaji ambao wenyewe huweza kuleta kiharusi. Kwake yeye, kupima shinikizo la damu na sukari na kuacha sigara kuna faida kubwa zaidi.

"Nimesafishwa mshipa, dawa basi."

Maradhi haya hayako shingoni peke yake. Mishipa ya moyo nayo mara nyingi imeguswa. Dawa za kushusha lehemu huuimarisha utando usipasuke, na huendelea baada ya upasuaji.

"Akipooza, mpe aspirini haraka."

Usimpe. Viharusi vingine ni vya damu kuvuja ndani ya ubongo, na aspirini inaweza kuzidisha uvujaji. Picha ya ubongo ndiyo hutofautisha. Kazi yako ni kumfikisha hospitali na kukumbuka saa. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na mapema mno utaulizwa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?