Kwa nini bampa jeusi hugeuka kijivu, na weusi wake hurudishwaje?

Je, wajua kwamba bampa lililopauka halijapoteza rangi yake? Lowesha kidole, kipitishe juu ya plastiki iliyogeuka kijivu. Palipolowa huwa peusi papo hapo. Maji yakikauka, ukijivu unarudi. Weusi upo. Kilichokufa ni ngozi ya juu.

Plastiki hiyo, mara nyingi ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, hutiwa weusi kiwandani kwa masizi laini yanayoenea hadi ndani. Mionzi ya urujuanimno ya jua, ikisaidiwa na oksijeni, huivunja ngozi ya juu ikaacha nyufa ndogo mno na vumbi kama la chaki. Nyufa hizo hutawanya mwanga kabla haujafika kwenye masizi, nasi tunaona kijivu. Ndivyo barafu ilivyo: pande zima unaona ng'ambo yake, likiparazwa huwa jeupe ingawa hukulitia kitu.

Unguja na Pemba jua hupita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Gari linalolala nje Paje au Wete hupata na chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hukwama ndani ya nyufa ikazidisha weupe. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji matamu.

Wengi hupaka mafuta ya nazi. Yanafanya kazi ile ile ya kidole kilicholowa: yanajaza nyufa, gari linapendeza, kisha vumbi linanata na mvua inayaondoa. Hayo si madhara makubwa. Kosa baya ni kupaka dizeli, oili chakavu au vaselini kwenye raba za milango. Raba hizo hunywa mafuta ya jamii ya petroli, zikavimba na kulegea, na masika yakija maji yanaingia ndani. Raba zioshe kwa sabuni, zikauke, upake silikoni kidogo kwa kitambaa.

Kuchoma kwa moto nako kunarudisha weusi, maana ngozi inayeyuka na nyufa kuziba. Lakini plastiki inabaki bila kinga, hupauka tena, na mkono ukichelewa sekunde chache vile vinundu vya bampa vinalala na kuacha doa linalong'aa lisilofutika.

Njia ya kudumu zaidi ni dawa ya kurudisha weusi inayokauka na kuganda, si ile inayobaki na utelezi. Fanya kazi asubuhi, kivulini, plastiki ikiwa baridi. Sugua kwa burashi na sabuni mara mbili au tatu, hadi povu litoke safi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu dawa ikipakwa juu ya chaki hubanduka pamoja nayo. Polishi iliyokauka vinunduni iondoe kwa mswaki na maji ya uvugu ya sabuni. Acha ikauke kabisa, hata saa moja, kwani maji hujificha kwenye maungio. Futa kwa spiriti, bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za rangi ya bodi, kisha paka kwa sponji matone machache, kipande cha kama sentimita 30 kwa wakati. Baada ya dakika moja au mbili futa ziada, la sivyo itaacha michirizi. Rudia mkono wa pili, na gari lisiguswe na maji kwa saa 24.

Rangi ya kopo ya kupuliza usiikimbilie: polipropilini haishiki rangi bila praima ya plastiki, na ndani ya miezi huanza kubanduka kama maganda. Na ukucha ukinasa kwenye ufa, hapo dawa haitasaidia. Tafuta bampa jingine.