Kabla ya kulaumu mbegu ya uyoga, tazama udongo wa juu na hewa ya banda

"Utando (nyuzi nyembamba zinazochipuka kutoka kwenye mbegu) umeenea, mweupe pe, lakini uyoga hautoki. Mbegu ni mbovu?" Wakulima wa Ilemela na Misungwi, mkoani Mwanza, hutuuliza hivi mara kwa mara, na mara nyingi mbegu haina kosa.

Tutenganishe aina kwanza. Uyoga wa mamama, unaolimwa na wengi hapa, huchomoza moja kwa moja kwenye mifuko ya majani ya mpunga au maganda ya mbegu za pamba. Ukiumwagia udongo umeuziba pumzi. Unaohitaji kufunikwa kwa udongo ni uyoga wa kifungo, ule mweupe wa duara wa kwenye makopo, na uyoga wa maziwa wenye asili ya India.

Udongo huo si chakula. Chakula kiko chini, kwenye mboji au majani. Wa juu unatunza maji, maana uyoga wa kifungo ni maji kwa takriban asilimia 90, tena udongo huo ni makazi ya bakteria. Utando hutoa gesi ambazo huuzuia wenyewe kutoa vichwa, na bakteria hao huzila. Ndiyo maana udongo uliochemshwa kupita kiasi huzaa vibaya. Upashe mvuke wa nyuzi joto 60 hadi 65 kwa saa sita hadi nane, wadudu na ukungu wafe, bakteria wenye faida wabaki.

Upi sasa? Usukumani kila udongo una jina lake. Mbuga, mweusi wa bondeni, ukilowa unanata na kuziba hewa. Ukikauka unapasuka na kukata utando. Luseni, wa kichanga, unapitisha hewa lakini maji hayakai: asubuhi umenyunyizia, jioni vumbi. Sisi huchanganya nusu tifutifu, nusu samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, kisha chokaa kidogo kidogo hadi pH, kipimo cha tindikali, ifike 7 au 7.5. Kwenye tindikali ukungu wa kijani hustawi. Chukua konzi moja, kamua: yatoke matone mawili matatu katikati ya vidole, yasichirizike. Tandaza sentimita 4, na tafadhali usishindilie. Nimeona mtu akipiga kwa beleshi kama anasakafia nyumba.

Hewa nayo. Mamama wenye shina refu na kofia ndogo kama kifungo cha shati unakulalamikia: kaboni dioksaidi imejaa bandani. Lakini miezi ya Juni hadi Agosti hewa ya Mwanza ni kavu, na dirisha likiachwa wazi mchana kutwa vichwa hukauka vikiwa sawa na ncha ya njiti ya kiberiti. Fungua usiku na alfajiri, mchana ning'iniza magunia yaliyoloa. Unyevu wa hewa ubaki asilimia 80 hadi 90.

Kuhusu joto nitasema wazi. Uyoga wa kifungo unataka nyuzi 16 hadi 18 wakati wa kuzaa. Mchana wetu hukaribia 30, na banda lililoegemea mawe yetu haya hupokea joto lake hadi usiku. Bila mashine ya kupoza ni hasara. Mwenye hamu ya kujaribu kufunika aanze na uyoga wa maziwa, unaovumilia nyuzi 30 na zaidi. Afunike mifuko mitano tu, mitatu kwa mchanganyiko wetu na miwili kwa udongo wa shambani kwake, kisha apime kila mkupuo, yaani kila awamu ya mavuno, kwenye mizani.