Kupe wa mbwa wako hasubiri masika

"Daktari, mvua zimekatika, dawa ya kupe tutaendelea nayo masika ijayo." Maneno haya nayasikia kila mwaka ikifika Juni. Juzi nimeyasikia tena kutoka kwa mtu aliyembeba mbwa mikononi kwa sababu hawezi kusimama: homa kali, ufizi umepauka, madoa mekundu tumboni. Nimechoka kulieleza hili kwa mtu mmoja mmoja.

Naelewa imani hii inatoka wapi. Wengi wetu tumekulia kwenye ng'ombe, na kupe anayeleta ndigana kali kweli hufuata mvua. Akishakomaa hujaa malishoni majani yanapoota, kisha hupungua kiangazi. Mtu akihamia Dar es Salaam anahama na kalenda hiyo.

Lakini kupe anayemsumbua mbwa wa mjini ni mwingine kabisa: kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus. Huyu makazi yake ni nyumba. Usiku chukua tochi, mulika nyufa za banda, fremu ya mlango, kona ya dari ya baraza. Utamkuta jike aliyeshiba, wa kijivu, amevimba kama punje ya harage, anapanda ukuta taratibu. Ameshadondoka kutoka kwa mbwa, sasa anatafuta ufa wa kutagia. Atataga maelfu ya mayai humo, kisha afe. Vichanga wakianguliwa humrudia mbwa, hunyonya, hudondoka, hujibadili ndani ya ufa, na kumrudia tena hadi wakomae. Kupe mzima asiye na chakula anaweza kukaa miezi mingi akingoja. Ukutani mvua haimgusi, na baridi yetu ya Julai haitoshi kumzuia.

Ndiyo maana kufyeka majani hakumalizi tatizo. Kumwogesha mbwa dawa mara moja pia hakumalizi, maana waliomo ukutani hawakuogeshwa. Ziba nyufa kwa lipu, pulizia banda mbwa akiwa nje hadi dawa ikauke, na mbwa wote wa nyumba wapewe kinga siku moja, hata yule anayelala getini na mlinzi.

Viroboto ni habari fupi zaidi. Unaowaona mwilini ni wachache, takriban asilimia 5. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko kwenye mkeka, zulia na mito ya makochi. Kama humwoni kiroboto ila mbwa anajikuna, mchane juu ya karatasi nyeupe yenye maji. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, damu ya mbwa wako. Na umpe dawa ya minyoo pia, maana akimmeza kiroboto anapata tegu.

Kwa mwenye paka, tafadhali sana: usimpake dawa ya mbwa yenye permethrin. Mwili wake hauwezi kuivunja. Hutetemeka, hupata degedege, na wengi hufa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitraz nayo usimguse nayo.

Sasa niseme linalonisumbua mimi mwenyewe. Vidonge vya kisasa vya kupe na viroboto, vya mwezi mmoja au vya wiki 12, navipenda na naviandika kila siku. Ila vinafanya kazi kupitia damu: kupe lazima aume kwanza, na kufa kwake huchukua saa kadhaa. Bakteria wa Ehrlichia, wanaoleta homa ya kupe, wanaweza kumwingia mbwa ndani ya saa chache tu tangu kupe ang'ate. Kwa hiyo kidonge kinakausha kupe nyumbani, lakini siwezi kumwahidi mtu kwamba mbwa wake hatapata homa ya kupe. Kwenye nyumba iliyojaa kupe naongeza kola ya kufukuza, kwa mbwa tu. Na mbwa aliyewahi kupata kifafa, nasita kumpa vidonge hivyo. Natafuta njia nyingine.

Gharama najua inauma. Kama bajeti haitoshi kidonge cha bei kubwa mwaka mzima, chukua dawa ya bei nafuu utakayoimudu kila mwezi, Juni ikiwemo. Miezi minne bila kinga inatosha kabisa kwa ukuta kujaa upya.