Je, wajua kwa nini seva ya sauti ya kompyuta hubadilishwa na programu zisijue?

Kaa mbele ya kompyuta ya mezani yenye Linux, mfumo endeshi usio na gharama, fungulia taarabu kwenye kivinjari, kisha simu ya mtandaoni iite na ujumbe uingie kwa mlio wake. Sauti zote tatu zitatoka kwenye spika zile zile, kwa wakati mmoja. Kadi ya sauti ya kompyuta nyingi haina uwezo huo yenyewe: hupokea mkondo mmoja tu. Anayezichanganya ni programu iliyo katikati, inayopokea kila sauti, kuzifanya moja na kuikabidhi kadi. Hiyo ndiyo seva ya sauti.

Kwa zaidi ya miaka kumi kazi hiyo ilikuwa ya PulseAudio. Sasa mifumo mingi imehamia PipeWire, na kinachonivutia katika uhamaji huo ni kwamba kivinjari hakikubadilishwa, kicheza muziki hakikubadilishwa, wala programu ya kurekodi. Nyingi kati yake hadi leo hufanya kazi kana kwamba seva ya zamani ipo palepale. Imewezekanaje? Na kama ya zamani ilikuwa ikitoa sauti vizuri, kulikuwa na haja gani ya kuhama?

Tuanze na haja. Chukua studio ndogo ya Ngamiani, Tanga, mji uliotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyovuma miaka ya 1960 na 1970. Chumba kimoja, maiki moja, kinanda, kompyuta ya mtumba iliyowekwa Linux kwa sababu haina gharama ya leseni. Bi mkubwa amevaa hedifoni, anaimba huku akijisikiliza kupitia kompyuta. Baada ya ubeti mmoja anavua hedifoni: “Mwanangu, mbona sauti yangu yanifuata nyuma?”

Ana haki ya kuuliza. Kompyuta hukata sauti vipande vidogo mno vinavyoitwa sampuli, mara nyingi 48,000 kwa kila sekunde, na haivishughulikii kimoja kimoja bali kwa mafungu. Fungu la sampuli 1,024 huchukua milisekunde (sehemu za elfu ya sekunde) 21 na ushei kujaa. Sauti ya mwimbaji hulipa muda huo ikiingia kupitia maiki, ikaulipa tena ikitoka kwenda hedifoni, kwa hiyo inapita milisekunde 40 kabla hujahesabu ucheleweshaji wa kadi yenyewe. Hewani, sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Milisekunde 40 basi ni sawa na kumkalisha mpiga dumbaki mita 14 kutoka kwa mwimbaji na kuwataka waende pamoja. Hawawezi.

Fungu likipunguzwa hadi sampuli 128, kila upande unalipa chini ya milisekunde 3, na bi mkubwa hasikii tena mwangwi wa nafsi yake. Kwa nini basi lisiwe dogo siku zote? Ni hesabu ya daladala. Gari linalosubiri lijae hufanya safari chache na kuokoa mafuta, ila abiria anakaa sana kituoni. Linaloondoka na abiria wawili halimcheleweshi mtu, lakini linazunguka kutwa nzima. Kichakataji, ubongo wa kompyuta, nacho ni hivyo hivyo: mafungu madogo hukiamsha mamia ya mara kwa sekunde, na kikichelewa mara moja tu, fungu linafika tupu na unasikia mkwaruzo kwenye spika.

Kwa miaka mingi Linux ililijibu suala hili kwa seva mbili tofauti. JACK ya Paul Davis, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitengenezwa kwa ajili ya wanamuziki: mafungu madogo, ucheleweshaji kidogo, na uhuru wa kuunganisha programu moja na nyingine utakavyo. PulseAudio, iliyoanzwa na Lennart Poettering mwaka 2004 na kuingia kwenye mifumo ya Linux ya Fedora 8 mwaka 2007 na Ubuntu 8.04 mwaka 2008, ilikuwa ya mtu wa kawaida: mafungu makubwa, betri inadumu, kila programu na kitufe chake cha sauti. Kila moja ilikuwa nzuri kwa kazi yake. Tatizo ni kadi moja kugombewa na wawili. Ukiwasha JACK ili urekodi, kivinjari kinakuwa bubu, labda uwe umeunganisha seva hizo mbili kwa mipangilio ambayo msanii hana sababu ya kuijua. Naamini kabisa kwamba kuna vipaji vingi vilivyoiacha Linux kwa ajili ya kero hiyo peke yake.

PipeWire haikuanzia kwenye sauti hata kidogo. Wim Taymans, mmoja wa walioasisi GStreamer, programu ya kushughulikia sauti na video, akiwa mhandisi wa kampuni ya Red Hat, aliianza mwaka 2015 kwa ajili ya video, ili kamera moja iweze kutumiwa na programu kadhaa kwa usalama. Ndiyo maana hadi leo, unapoonyesha skrini yako kwenye mkutano wa mtandaoni ukiwa kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini za Linux, picha hupitia PipeWire. Sauti ilifuata. Fedora 34 ilikuwa mstari wa mbele kuipa kazi yote ya sauti, Aprili 2021. Ubuntu ikafuata na toleo la 22.10, na toleo la 1.0 la PipeWire lenyewe likatoka Novemba 2023.

Sasa ule ujanja wa kuhama kimya kimya. Programu haimjui mtengenezaji wa seva. Inachojua ni anwani fulani ndani ya kompyuta na lugha ya kuzungumza ikifika hapo. PipeWire ina sehemu inayoitwa pipewire-pulse inayokaa kwenye anwani ile ile ya PulseAudio na kuijibu kila programu kwa lugha ile ile. Zile zilizoandikwa kwa JACK nazo hupewa maktaba, yaani kifurushi cha msimbo wanachokitumia, yenye jina na milango ya JACK, ila ndani yake ni PipeWire. Hivyo kivinjari na programu ya kurekodi, ambazo zamani zilikuwa hazikai chumba kimoja, zote zinaishia kwenye mashine moja ya kuchanganya sauti.

Na mashine hiyo hubadilisha ukubwa wa fungu wakati inaendelea kufanya kazi. Kwa kawaida huanza na 1,024. Programu ya kurekodi ikifunguliwa na kuomba 128, seva inashuka hadi hapo kwa wote; ikifungwa, inapanda tena. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa kuwa lile swali la “studio au matumizi ya kawaida” lililowafanya watu wawe na seva mbili limeondoka.

Kujua uko upande gani, fungua dirisha la amri uandike `pactl info`, kisha utazame mstari wa jina la seva. Ukiona PulseAudio ikifuatwa na neno PipeWire na namba ya toleo, umeshahama, pengine bila habari. Ukiona pulseaudio peke yake, bado. Kwenye Debian 12, `sudo apt install pipewire-audio` huleta vinavyohitajika, pamoja na WirePlumber, ambayo ndiyo huamua sauti iende spika gani. Toka kwenye akaunti yako kisha uingie upya. Hakikisha seva ya zamani haijiwashi tena, maana zikiwa mbili ule ugomvi wa kadi unarudi. Kama kesho yake kuna kazi ya harusi ya kurekodi, subiri harusi ipite ndipo ubadilishe.

Lalamiko la kwanza baada ya kuhama huwa ni sauti kwenda kwenye skrini kupitia waya wa HDMI badala ya spika. Andika `wpctl status`; kifaa chenye nyota ndicho kinachotumika, na `wpctl set-default` pamoja na namba ya kifaa unachokitaka humaliza shauri. Lalamiko la pili ni mikwaruzo. Hapo fungua `pw-top` uangalie safu ya ERR: namba ikipanda wakati wa kurekodi, kompyuta imezidiwa. Kwa mashine ya zamani, `pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256` hulazimisha fungu liwe la sampuli 256 na kuipa nafasi ya kupumua, na ukimaliza unarudisha kwa kuandika 0 badala ya 256.

Kwa hedifoni za bluetooth, hata hivyo, mwimbaji asipewe akiwa anarekodi. Ucheleweshaji wake mara nyingi hupita milisekunde 100, na sehemu kubwa hutokana na kubana sauti, kuirusha hewani na kuifungua upande wa pili, kazi ambazo haziko mikononi mwa seva. Mpe za waya.