Kinda mwenye potenshali ya 180 ana nini hasa?

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena jambo hili, namba ya gemu kuitwa kipaji. Tumekaa kibandani tunasubiri mechi ya pili, kijana mmoja akawa anatusomea kwenye simu orodha ya makinda wa klabu yake kama walivyo ndani ya Football Manager, gemu la kompyuta ambalo mchezaji wake anakuwa kocha wa klabu ya mpira. "Huyu kipaji chake 180. Huyu 165. Huyu 140, huyu wamuuze tu." Huyo wa kuuzwa ana miaka 16. Mzee aliyekaa jirani yangu, ambaye hajawahi kuligusa gemu hilo, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali. Nimeona safari hii nisiliache lipite.

Maana yenyewe ni fupi. Ndani ya gemu hilo kila mchezaji ana namba mbili zilizofichwa, zote kati ya 1 na 200. Ya kwanza ni uwezo alionao leo. Ya pili ndiyo watu wanayoiita potenshali, yaani kiwango ambacho ule uwezo wa leo hauwezi kukivuka hata kila kitu kikienda vizuri. Ukicheza kawaida huzioni. Unachoona ni sifa zake moja moja, kasi, pasi, vichwa, utulivu, zikipimwa kwa 1 hadi 20, pamoja na nyota anazopewa na makocha na maskauti wako, yaani wasaka wachezaji. Namba zenyewe watu huzichungulia kwa kihariri cha gemu au programu za pembeni. Basi. Shida inaanza tunapoipa ile namba ya pili jina la kipaji.

Kipaji kinatokana na kupa. Tunasema mpaji ni Mungu, na kipaji ni kile alichokupa. Kipawa ni ndugu yake, nacho kimetoka kwenye "pawa", umbo la zamani la "pewa". Maneno yote mawili yanataja kitu ambacho kimeshatolewa na kimeshapokewa. Mtoto mwenye kipaji cha chenga anacho leo, yuko peku, kwenye kiwanja cha vumbi, mpira wenyewe wa makaratasi. Hatumngojei afikishe miaka 24 ndipo awe nacho. Ukitaka kukiona kipaji ndani ya gemu, kitafute kwenye zile sifa za 1 hadi 20, maana ndizo zinazoeleza mtoto anafanya nini na mpira sasa hivi. Namba ya pili inazungumzia kitu ambacho bado hakijatokea, na huenda kisitokee kabisa. Kinda anaweza kuwa na 180 huku uwezo wake wa leo ni 85, akaishia 120, na gemu likawa halijavunja ahadi yoyote. Halikuahidi.

Lugha tulikolichukua neno potenshali haitusaidii sana. Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, potentia, na huko maana yake ni nguvu, uwezo. Ndiyo maana masikioni linasikika kama mali ambayo mtu anayo tayari. Kuna na lile jina la "wonderkid" ambalo gemu linawabandika vijana wenye namba kubwa. Hilo asili yake ni Kijerumani, Wunderkind, mtoto wa ajabu, na Wajerumani walilitumia kwa mtoto ambaye ameshafanya ajabu mbele ya macho ya watu, anapiga kinanda akiwa na miaka sita. Kwenye mpira limegeuka kuwa jina la mtoto anayetarajiwa kufanya ajabu siku moja. Yule wa Wajerumani alikuwa ameshapiga kinanda. Huyu wetu bado anasubiriwa aguse mpira.

Ilhali Kiswahili kina neno linaloingia hapa kama ufunguo kwenye kufuli yake: upeo. Upeo na kipeo yanatoka kwenye kitenzi ambacho siku hizi kinasikika kwa nadra, kupea, maana yake kukomaa kabisa, kufika mwisho wa kukua. Wanafunzi wanakutana nacho kwenye hesabu, kipeo cha pili, kipeo cha tatu, bila kuambiwa kwamba ni neno la kukua. Upeo wa mchezaji ni pale ambapo akipea, amefika. Na upeo haumsukumi mtu. Nikikwambia dari ya chumba hiki iko mita tatu juu, sijasema kwamba mwanao atarefuka mpaka aiguse. Nimesema tu kwamba akiendelea kurefuka, hapo ndipo atakapogonga kichwa.

Neno hilohilo lina upeo wa macho, pale mbingu inapoonekana kugusana na bahari. Upeo huo unategemea umesimama wapi. Panda juu ya mnazi, unasogea. Nalitaja hili kwa sababu upeo wa mchezaji ndani ya gemu nao umewekwa na mtu aliyesimama mahali fulani akatazama. Gemu hili lilitoka mwaka 1992 likiitwa Championship Manager, na kwa miaka mingi sasa limeandikwa kwa macho ya watafiti, wengi wao mashabiki wa klabu husika, na leo ni zaidi ya 1,000 duniani. Mtafiti anatazama mechi za vijana, anasikiliza wanaozifahamu, anaandika 150. Mwaka unaofuata, toleo jipya linapotoka, anaweza kuandika 165 au 125. Kama ingekuwa riziki iliyoandikwa kwenye paji la uso, isingefutwa na kuandikwa upya kila mwaka.

Jamie Vardy ni kisa ambacho kila shabiki anakijua, ila nadra kukisoma kwa upande huu. Hadi anafikisha miaka 25 hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi nne za juu za England. Leicester City walimchukua kutoka Fleetwood, klabu ya ligi ya tano, mwaka 2012. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Ligi Kuu, mabao 24 ndani ya msimu mmoja. Miguu yake ilikuwa na kasi ileile alipokuwa anacheza klabu ndogo ya Stocksbridge. Kipaji kilikuwepo. Mahali walipokuwa wamesimama waliomtazama ndipo palipokuwa chini.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo linaifanya kauli ya "kipaji chake 180" iwe na kasoro hata kwa wanaolipenda gemu. Kwa makinda wengi, hasa wale ambao bado hawajaonekana vya kutosha, mtafiti haandiki namba kamili. Anaandika alama ya hasi inayosimamia masafa. Hasi 9 ina maana kwamba upeo utaangukia mahali popote kati ya 150 na 180. Hasi 10 ni kati ya 170 na 200. Ukianzisha mchezo mpya, kompyuta inapiga kura na kukupa namba moja. Rafiki yako akianzisha wake jioni hiyohiyo, anapata nyingine. Kwako kinda yuleyule ni 152, kwake ni 179. Sasa mkikutana kibandani na kila mmoja na namba yake, mnabishana juu ya kura, na yule mtoto aliyeko huko Ulaya hahusiki.

Na zile nyota. Nyota tano za potenshali hazimaanishi kwamba kinda atakuwa miongoni mwa wachezaji bora wa dunia. Ni maoni ya kocha au skauti wako, na kila mmoja ana jicho lake, zuri au bovu. Isitoshe zinapimwa kwa kulinganisha na wachezaji ulionao. Ukiwa Accrington Stanley, klabu ndogo ya England, kijana wa nyota tano ni yule anayeweza kuja kuwa bora kuliko wote hapo Accrington. Mpeleke Manchester City siku hiyohiyo, nyota zinabaki moja, pengine nusu. Mtoto hajabadilika hata unywele. Kwa hiyo mtu anayelinganisha vituo vya vijana vya klabu mbili kwa kuhesabu nyota, huku akifungua kila klabu peke yake, anapima vitambaa viwili kwa pima mbili tofauti.

Nikimfikiria Tonton Zola Moukoko huwa nasikitika kidogo. Alizaliwa Kinshasa, akakulia Sweden, akaingia kikosi cha vijana cha Derby County. Kwenye Championship Manager ya msimu wa 2001/02 alikuwa kiungo mshambuliaji ambaye kila mtu alimsajili, na watu wengi walimwona akishinda mataji kwenye kompyuta zao. Hakuwahi kuichezea Derby mechi hata moja ya kikosi cha kwanza. Mpaka leo ukitajwa utani wa "makinda waliofeli", jina lake limo. Alifeli nini hasa? Mtu fulani alikadiria upeo wake, na maisha yakampeleka kwingine. Tunamdai deni ambalo hakulikopa.

Najua nitaambiwa kwamba hata klabu zenyewe zinalitumia. Ni kweli. Everton walikubaliana na watengenezaji wa gemu mwaka 2008 ili watumie hifadhidata yao, na mwaka 2014 taarifa hizo ziliingizwa kwenye mfumo wa Prozone ambao klabu nyingi zilikuwa zikiutumia kusaka wachezaji. Lakini tazama thamani iko wapi. Klabu haiwezi kuwa na macho kwenye kila ligi ya vijana, na hifadhidata ina majina, umri, mikataba, mguu anaotumia, nafasi anazocheza. Inakupa pa kuanzia kutafuta. Ukishapata jina, unamtuma mtu akakae jukwaani.

Mfano wa klabu ninaoupenda ni Genk ya mwanzoni mwa 2016, msimu alipotua Mbwana Samatta kutoka TP Mazembe. Alikuwa na miaka 23. Kikosini walikuwemo Leon Bailey, miaka 18, na Wilfred Ndidi, miaka 19. Mtu yeyote aliyepanga kikosi kile kwa upeo angeanza na hao wawili, na hangekosea: Januari 2017 ilipokwisha wote walikuwa wameshauzwa, mmoja Bayer Leverkusen, mwingine Leicester. Ila Genk walipotwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, aliyekuwa mbele ni Samatta, mabao 23 ya ligi. Klabu iliuza upeo, ikashinda taji kwa uwezo uliopo. Vyote viwili ni halali na vinahitajiana, lakini ni hesabu mbili, na ukiziita zote kipaji huwezi tena kuona klabu imefanya nini.

Mdogo wangu wa kibandani, endelea kutusomea, maana unaijua klabu yako kuliko sisi wote pale. Badili tu neno moja: sema upeo. Sema "upeo wake wamemkadiria 180", na kama alama ni ya masafa, taja masafa yote. Halafu tutajie na uwezo wake wa leo, na mwaka huu amecheza dakika ngapi, kwa kuwa hata ndani ya gemu lenyewe kijana anayekaa benchi hakui ipasavyo, na mwenye weledi mdogo mazoezini naye hakui ipasavyo hata umjengee uwanja wa dhahabu. Na yule wa 140 usimuuze. Kwa vipimo vya gemu hilohilo, mchezaji mwenye uwezo wa 140 ni mtu wa kutegemewa kwenye ligi kubwa za Ulaya, na huyo bado ana miaka 16.