Je, wajua kwa nini vidole vinakufa ganzi kwenye usukani ulionyooka wa baiskeli?

Kabla hujaendelea kusoma fanya jaribio moja dogo. Shika kalamu mbili, moja kila ngumi, simama wima na uache mikono ining'inie yenyewe bila kukaza kitu, alafu iinue mbele kidogo kama mtu anayetaka kushika usukani wa baiskeli, ila usilazimishe. Angalia kalamu zimekaaje. Hazijalala kwenye mstari mmoja, sivyo? Kila moja imekaa mshazari, upande wa kidole gumba umeenda mbele na ndani, upande wa kidole kidogo umerudi nyuma na nje. Hivyo ndivyo mkono wa binadamu unavyopenda kushika kitu ukiachiwa uchague wenyewe.

Sasa njoo kwenye usukani ulionyooka, ule unaokuja na baiskeli nyingi za milimani na za mjini. Kwa kawaida umerudi nyuma nyuzi 5 mpaka 9 tu hivi, basi. Maana yake kifundo cha mkono ndo kinajikunja kufuata bomba, wakati ilitakiwa bomba lifuate mkono. Kwa safari ya dakika kumi huwezi kusikia chochote. Safari ya masaa matatu ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, kuna mshipa wa fahamu unaitwa ulnari unaopita kwenye kijia chembamba sana kati ya mifupa midogo, kijia hicho kinaitwa mfereji wa Guyon, jina la daktari mpasuaji Mfaransa aliyekieleza mwaka 1861, na pale hamna nyama ya maana ya kuukinga huo mshipa. Ukiegemea hapo huku barabara inakutikisa, kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete vinakufa ganzi. Ikiwa ganzi yako iko kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huo ni mshipa mwingine, mediani, unaopita katikati ya kifundo na hauvumilii kifundo kilichokunjwa kwenda juu au chini muda mrefu. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza kabla hujatoa hela ni vidole vipi hasa. Na kama ganzi haiondoki hata siku umepumzika, au unaona mkono unashindwa kushika vitu, hapo nenda kwa daktari, usukani utasubiri.

Ila pembe ya kifundo ni nusu ya jibu tu. Nusu nyingine, na kwa safari ndefu mimi naiona ndo kubwa zaidi, ni kukaa sehemu moja. Hata ukipata usukani wenye pembe safi kabisa, ukiushika hapo hapo bila kuhama mchana kutwa, uzito unaangukia sehemu zile zile za kiganja, mabega yamekaza vile vile, shingo imeinuliwa vile vile. Mwili unataka kuhama. Usukani ulionyooka una sehemu moja tu ya kushika inayofaa kweli, pale kwenye gripu, yaani zile raba za kushikia nchani, kwingine ni kuhangaika. Ndo maana wanaosafiri mbali kwa baiskeli huuliza kitu cha kwanza "una sehemu ngapi za kushika?" na anayeenda kazini kilomita chache anauliza "naona mbele vizuri na breki iko karibu?" Haya ni maswali mawili tofauti, yana majibu tofauti, na ukiyachanganya ndo unajikuta umenunua usukani mzuri wa mtu mwingine.

Tuanze na wa mjini. Ule usukani wa kizamani uliopinda kurudi kwa mwendeshaji, gripu zikielekea nyuma karibu sambamba na mwelekeo wa baiskeli, unaitwa North Road, jina limetoka kwa klabu ya baiskeli ya Uingereza iliyoanzishwa 1885. Watu wanaudharau wakisema ni wa wazee na mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu kwa kazi ya mjini una akili sana. Kifundo kinakaa karibu kama kwenye lile jaribio la kalamu, mgongo unasimama, unageuza kichwa kuangalia nyuma bila shida, uzito mwingi unashuka kwenye kiti na mikono inabaki na kazi ya kuongoza tu. Upepo? Kwa mwendo wa mjini, wa kusimama na kuondoka, sio shida kubwa. Udhaifu wake uko kwenye kilima, ukisimama juu ya pedali mikono inakuwa karibu mno na mwili, huna pa kuvutia, na kwenye kona kali ya polepole ncha za usukani zinaweza kugonga magoti. Pia ujue kitu hiki ambacho wengi wanasahau: mikono ikirudi nyuma ghafla unajikuta umebanwa, kwa hiyo usukani wa namna hii unataka stemu ndefu, yaani kile kipande kinachounganisha usukani na shingo ya baiskeli. Kuna watu wanaweka North Road kwenye stemu fupi ya baiskeli ya milimani alafu wanalaumu usukani.

Kati ya North Road na bomba lililonyooka kuna kundi la sukani zinazorudi nyuma kiasi, nyuzi 30 mpaka 45 hivi. Maarufu kwenye kundi hili ni ule wa Jeff Jones, mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani, unarudi nyuma nyuzi 45 na una kitanzi mbele, kwa hiyo unapata gripu za kutulia na kile kitanzi cha kushika ukitaka kujilaza kidogo dhidi ya upepo, na kitanzi chenyewe ni mahali pazuri pa kufungia begi. Kama unafanya yote mawili, kazini siku za wiki na safari wikiendi, ningeanza kuangalia hapa.

Usukani wa resi, ule wa kupinda chini, ndo watu wanauogopa zaidi na wanauelewa vibaya zaidi. Wanadhani umewekwa ili uiname muda wote. Hapana. Wasafiri wengi wanautumia wakiwa wameshika zile raba za juu ya leva za breki, pale viganja vinatazamana kama mtu anayetaka kupiga makofi, na kifundo kinafurahi. Wakichoka wanahamia sehemu ya juu karibu na stemu, upepo wa mbele ukija wanashuka chini. Hizo ni sehemu tatu tayari, na katikati yake kuna nyingine ndogo ndogo. Na upepo ukiwa mbishi ile sehemu ya chini inakuwa rafiki kwelikweli, maana nguvu ya kupambana na hewa haiongezeki sawasawa na mwendo, inaenda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, ukitaka kwenda kasi mara mbili unahitaji nguvu mara nane kwa ajili ya hewa peke yake. Sehemu kubwa ya upinzani huo inatoka kwenye mwili wako wewe, baiskeli inachangia kidogo tu. Kujikunja kidogo kunaokoa jasho jingi sana mchana wa upepo. Siku hizi kuna za resi zilizotanuka chini, ncha ziko nje zaidi kuliko juu, hizo zinatulia vizuri barabara ya vumbi ukiwa na mzigo, na kama unasafiri njia mbovu zitafute hizo.

Tabu ya usukani wa resi ni kwamba fremu nyingi za usukani ulionyooka zina bomba la juu refu, zimepigiwa hesabu kwamba mikono itaishia pale kwenye bomba. Ukiweka wa resi, zile raba za leva zinakupeleka mbele tena sentimita 8 mpaka 10 au zaidi, unajikuta umelala kama unaogelea. Stemu fupi inasaidia kiasi, haimalizi.

Alafu kuna kipepeo. Huu ni ule ulioviringika kama namba nane iliyolala, umeachwa wazi sehemu moja, utauona sana kwenye baiskeli za safari za Ujerumani na Uholanzi. Sura yake wengine hawaipendi, mimi naona uzuri wa kifaa cha safari ni mikono kuwa hai jioni. Una sehemu nyingi za kushika, na faida yake kubwa ni ya mfukoni: leva zako za breki na za gia za usukani ulionyooka zinaingia moja kwa moja. Shida ni kwamba ukiwa umeshika ule upande wa mbele, breki ziko mbali, kwa hiyo kwenye msongamano wa magari rudi kwenye gripu. Usukani wa masharubu nao, uliojulikana kupitia baiskeli ya Bridgestone XO-1 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni kama wa resi uliobanjuliwa ukalala, kuna wanaoupenda sana na kuna wanaosema unawapeleka mbele mno. Huo jaribu wa mtu kwanza.

Sasa hapa ndo watu wanapoumia, kwa hiyo nakuomba usome polepole. Usukani una vipenyo viwili vya kuangalia. Cha kwanza ni pale katikati unapobanwa na stemu: 31.8 milimita kwa nyingi za sasa, 25.4 kwa nyingi za zamani na za kurudi nyuma, na 26.0 kwa za resi za zamani. Usukani wa 25.4 kwenye stemu ya 31.8 unawezekana ukiweka bati la kujazia lililotengenezwa kwa kazi hiyo, usikate kopo la soda ukaweka, huo ni usukani, ukizunguka ghafla ukiwa mteremkoni huna kitu cha kushika. Kipenyo cha pili ni pale unapofunga leva: sukani zilizonyooka, vipepeo na nyingi za kurudi nyuma ni 22.2, za resi ni 23.8. Hiyo tofauti ya milimita moja na nusu inaonekana ndogo lakini ndo inafanya leva zako za zamani zikatae kuingia.

Na hata zikiingia kuna breki zenyewe. Leva ya breki za V, zile zenye mikono miwili mirefu inayobana rimu, inavuta waya mrefu zaidi, karibu mara mbili ya leva ya kawaida ya resi. Ukifunga leva ya resi kwenye breki za V unabana mpaka leva inagusa usukani na tairi bado linazunguka, ukigeuza, leva ya V kwenye breki za kuvutwa waya mfupi, unaihisi ngumu kama jiwe na haishiki. Breki za diski za waya zinauzwa za aina zote mbili, soma kabla hujanunua. Leva za gia nazo zina mambo yake, za resi na za milimani mara nyingi hazivuti waya sawa hata kama kampuni ni moja. Ukijumlisha leva, waya mpya, tepu na stemu, kuhamia usukani wa resi kunaweza kugharimu kuliko unavyodhani, na ndo maana kwa mtu mwenye baiskeli nzuri ya usukani ulionyooka mimi kwa kawaida namwambia aende kwa kipepeo au wa kurudi nyuma, abaki na breki na gia zake.

Tena, kabla ya yote hayo, angalia kiti. Kiti kikiinamia mbele unateleza, unajizuia kwa mikono kutwa nzima, na hapo hakuna usukani duniani utakaokuokoa. Kisawazishe, alafu nyanyua usukani kidogo, alafu jaribu gripu zenye bawa pana la kulalia kiganja, alafu pembe fupi za kufunga kwenye ncha za usukani, au ndani ya leva ukitaka mkao wa kama resi. Ni vitu vya bei ya chini na vinawatosha watu wengi.

Wasafiri wa masafa wana kingine, zile fimbo mbili za mbele zenye mito ya kulalia mikono. Mwendeshaji wa Marekani Greg LeMond alizitumia siku ya mwisho ya mashindano ya baiskeli ya Tour de France mwaka 1989, kilomita 24.5 kutoka Versailles kwenda Paris, akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, akashinda mashindano yote kwa sekunde 8. Yeye alitaka kasi, msafiri anataka kitu kingine: mito inabeba uzito kwenye mikono ya mbele, viganja havibebi kitu, damu inarudi. Zitumie barabara ikiwa tupu na wazi tu, kwa sababu breki ziko mbali na vidole.

Ukishachagua, pima urefu wa waya na mabomba ya breki kabla hujafungua chochote, usukani wa juu na wa kurudi nyuma unahitaji waya mrefu zaidi, na bomba la breki za mafuta likiwa fupi itabidi libadilishwe na breki itolewe hewa upya. Kama stemu yako ni ya zamani ya kuingia ndani ya shingo usiinyanyue kupita ule mstari uliochongwa. Bana skrubu za uso wa stemu kidogo kidogo kwa zamu ili nafasi zibaki sawa juu na chini, fuata kipimo kilichoandikwa juu yake. Na ziba ncha zote mbili za bomba kwa vizibo, hata kama ni baiskeli ya kwenda dukani tu, bomba lililo wazi ukiliangukia linakata mwili.