Projekta Haijafa: Soma Ukuta Kabla ya Kutupigia Simu

Tangu Ramadhani iishe stoo yetu inapokea malalamiko ya aina moja tu, ati projekta za kituo tunazowaazima vikundi, shule na madrasa ni mbovu. Mkubwa wangu akaniambia niandike kitu cha kuelimisha umma, lugha nyepesi, na nisimlaumu mtu. Nitajaribu. Mimi ndiye ninayezitoa na kuzipokea hizo projekta hapa Amu (Lamu), kila moja naijua kwa mikwaruzo yake, na nawaambia kwa heshima zote kwamba nyingi zinazorudi na karatasi ya "mbovu", nikiziweka mezani kwangu zinawaka na zinaonyesha.

Juzi mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wavuvi kaja nayo kwa boti, kaifunga kwenye gunia la mchele, kaipakata kama mtoto. "Sabalkheri mwanangu. Hii yenu imekufa. Watu wamekaa mkekani wanangoja, ukuta ni buluu tu."

"Sabalkheri mzee wangu. Kwani ukuta uliandika nini?"

"Uliandika kizungu."

Basi hapo ndipo penye kazi. Ukuta ukiandika "No Signal" au "No Input" projekta inakwambia niko hai, taa yangu inawaka, nangoja picha na sijaletewa. Haijafa hiyo, inalalamika tu. Ikiwa ukuta ni mweusi kabisa na juu ya projekta kuna kitaa chekundu au cha rangi ya chungwa kinachopepesa, hapo sawa, tatizo ni la projekta yenyewe, yaweza kuwa joto au taa, tuletee. Na ukiandika "Out of Range" au maneno ya jamii hiyo, maana yake picha imefika lakini ni kubwa kuliko inavyoweza kuimeza, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya leptopu ushushe kipimo cha picha (resolution). Projekta zetu za zamani ni nukta 1024 kwa 768, mpya kidogo ni 1280 kwa 800, na leptopu nyingi siku hizi zinatoa 1920 kwa 1080.

Ya yule mzee kebo ya picha ilikuwa imechomekwa tundu la HDMI 2, na projekta inasikiliza tundu la Computer. Nikabonyeza kitufe cha Source kwenye rimoti, mara mbili, picha ikaja, kahawa aliyomiminiwa haijapoa. Akacheka, mimi sikucheka sana manake kurudi kwao ni safari nyengine ya boti na nauli.

Kwa hivo cha kwanza ni Source, au Input kwenye projekta nyengine. Bonyeza, ngoja sekunde kama tano hivi, soma, bonyeza tena. Watu hawangoji, wanabonyeza mfululizo kama kengele ya mlango na projekta inapita tundu sahihi kabla haijapata nafasi ya kuangalia kama kuna kitu.

Cha pili ni leptopu kuambiwa itoe picha nje. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, ni hivo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, usihangaike na vile vitufe vya juu vya F ambavyo kila kampuni imeweka mahali pake. Itakuja orodha ya mambo manne. PC screen only, hii ndo inayowakwamisha wengi, picha inabaki kwa leptopu peke yake. Duplicate, ukuta na leptopu vinaonyesha kitu kimoja. Extend, ukuta unakuwa meza ya pili. Second screen only, leptopu inazima na ukuta unabaki, hapo ndo mtu huja mbio kusema sasa na leptopu imeharibika. Haijaharibika, bonyeza tena Windows na P. Wenye Mac wao waende kwenye mipangilio, sehemu ya Displays.

Hapa kwenye Duplicate nataka kukaa kidogo. Ukichagua hiyo, kila unachokiona wewe wanakiona wote, pamoja na meseji za WhatsApp zinazochungulia pembeni. Nimeshakaa kwenye warsha moja, sitaji ya nani, mtoa mada anatafuta faili lake huku majina ya wagonjwa na namba zao za simu yako ukutani, herufi kubwa kama za bango, na mlango uko wazi na watu wanapita. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na taarifa za afya za mtu sheria hiyo inazihesabu kuwa nyeti, haziwi mchezo hata kama hukukusudia. Tumia Extend, fungua faili kwanza kwa leptopu, kisha usukume ukutani lile tu unalotaka kuonyesha. Kituo hakitabeba dhima ya kilichotokea ukutani, iko kwenye fomu ya kuazima, kifungu cha mwisho, ambacho najua hamukisomi.

Sasa kebo. Tafadhali sana, waya wa kuchajia simu si kebo ya picha. Na tundu la Type C kwenye leptopu, hata kama linafanana na la mwenzako, si lazima litoe picha, mengine ni ya chaji na data tu, yanayotoa picha mara nyingi yamechorwa alama ya DisplayPort (herufi D yenye P ndani yake) au ya radi pembeni, ingawa si kampuni zote zinachora. Hali kadhalika kebo zenyewe za Type C, nyengine ni za chaji tu. Usininunulie adapta ukaniletea risiti kabla hujajua tundu lako ni la aina gani.

Na adapta ina upande. Ya kutoa HDMI kupeleka VGA haiendi kinyumenyume, hata ukiipindua na kuiombea dua. HDMI ni dijitali, VGA ni ya kizamani isiyo dijitali, IBM waliileta mwaka 1987, na ndani ya kile kiadapta kuna chombo kinachotafsiri upande mmoja tu. Kwenda upande wa pili unahitaji kifaa chengine, na mara nyingi hicho huwa kinataka umeme wake.

VGA ile ya buluu ina nafasi za pini 15, safu tatu za tano tano. Itazame kwa tochi ya simu kabla ya kuchomeka. Kwenye safu ya kati utaona pini moja haipo, ni namba 9, kebo nyingi zimetengenezwa hivo hivo na zinafanya kazi, kwa hivo acheni kuniandikia barua kwamba mumepewa kebo yenye pengo. Kinachodhuru ni pini iliyolala. Pini ya 12 na ya 15 ndizo leptopu na projekta wanazosalimiana kwazo, projekta inataja ukubwa wa picha inayoutaka, moja ikilala salamu haifiki na leptopu inaona kama hakuna mtu upande wa pili. Ukiona imelala usiisukume kwa nguvu, itakatika, na ikikatika unalipa kebo.

Halafu kuna chumvi. Sisi tuko kisiwani, upepo wa kusi ukianza kila chuma kinaota kutu, na pini za kebo zilizovushwa kwenye boti bila kufunikwa huota kitu cha kijani kibichi, kama ukungu, unakikwaruza kwa kucha kinatoka unga. Hicho kinazuia picha kabisa, au ukuta unageuka rangi, unakuwa wa pinki au wa manjano, manake rangi moja haifiki. Nasafisha kwa spiriti na pamba, vifaa vikiwa vimezimwa. Siyo mafuta ya taa, siyo mate. Nimeyaona yote mawili.

Kebo ya HDMI ikizidi mita kumi, kumi na tano hivi, picha huanza kukatika, kwa hivo yule anayetaka leptopu ikae jukwaani na projekta nyuma kabisa ya ukumbi atafute njia nyengine. Na sauti: VGA haibebi sauti hata kidogo, HDMI inabeba na huipeleka kwenye projekta, spika za leptopu zikinyamaza usishangae. Vijana wanaotaka filamu, picha ikiwa nyeusi na sauti inasikika, hiyo ni kinga ya hakimiliki, filamu inakataa kutoka kupitia adapta ya VGA. Si kosa langu.

Internet haihitajiki. Narudia kwa sababu nimeulizwa wiki hii tena: kebo ya HDMI haitaki bando.

La stima sasa. Taa ya projekta za aina yetu ni ya moto sana na ndani yake mna zebaki. Stima ikikatika katikati ya kikao feni inasimama na joto linabaki ndani, stima ikirudi projekta itakataa kuwaka kwa dakika kadhaa, inangoja taa ipoe. Iache. Usiwashe ukazima ukawasha. Na ukimaliza kikao zima kwa kitufe, acha feni izunguke mpaka isimame yenyewe ndo uchomoe. Tunajua munakimbilia boti ya mwisho ya Mokowe, kule bara, lakini taa moja ikipasuka ni pesa nyingi na vipande vyake havizolewi kwa mkono mtupu wala havitupwi jaani.

Utaratibu wa kuazima, kwa mara nyengine. Fomu mbili, si nakala ya moja, mbili, zote zitiwe saini na mwenyekiti au mwalimu mkuu au maalim wa madrasa husika. Kitambulisho halisi kinabaki stoo, picha ya kitambulisho kwenye simu haikubaliki. Amana inarudishwa baada ya vifaa kukaguliwa, na kukaguliwa maana yake mimi nimewasha projekta, nimehesabu kebo, nimeona rimoti ina betri na kifuniko chake. Kuchelewa siku moja ni onyo la maandishi, siku ya pili amana inakatwa, ya tatu kikundi kinasimamishwa kuazima mpaka kamati ikae, na kamati haikai kila wiki. Stika ya nyuma ikibanduka tutahesabu kwamba kifaa kimefunguliwa na gharama za fundi ni zako, hata ukisema ilibanduka na jasho. Anayetuhumu kifaa ni kibovu aandike kwenye karatasi maneno yaliyokuwa ukutani, kama yalivyo, hata kama ni kizungu, anakili herufi tu, au apige picha kwa simu.

Ijumaa tunafunga saa tano na nusu mpaka saa nane. Anayekuja kuchukua aje na leptopu yake mkononi, na chaja, tuijaribu hapo hapo kabla hajashuka gatini.